Edward Grigg: gavana kati ya chaguzi ndogo mbili

Huko Kamwokya, jijini Kampala, Kiswahili husikika kando ya Kiluganda. Hata hivyo, si wachache kati ya wanaokizungumza ambao wamewahi kuulizwa iwapo kweli ni lugha ya hapa. Sehemu ya chanzo cha swali hilo imo katika maisha ya Mwingereza Edward Grigg, Gavana wa Kenya, ambaye utawala wake ulitanguliwa na kufuatiwa na chaguzi ndogo za Bunge la Uingereza.

Grigg alizaliwa Madras, India, mwaka 1879. Alisoma Oxford, akaandikia gazeti la The Times, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawa katibu wa Waziri Mkuu David Lloyd George. Mwaka 1922 alichaguliwa kuwa mbunge wa Oldham, mji wa viwanda vya pamba.

Mwaka 1925 Waziri wa Makoloni, Leo Amery, alimteua kuwa Gavana wa Kenya. Kiti chake kikawa wazi, na mwezi Septemba ukafanyika uchaguzi mdogo ambao William Wiggins, Mliberali, alishinda.

Grigg alifika Nairobi akiwa na azma kubwa: kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya mamlaka moja, huku walowezi wa Kenya wakipewa sauti zaidi. Buganda iliingiwa na hofu. Wakuu wake waliona kwamba Mkataba wa 1900, na ardhi waliyoilinda kwa mkataba huo, vingekuwa hatarini.

Katika miaka hiyohiyo Gavana wa Uganda, William Gowers, alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi shuleni na serikalini. Kabaka Daudi Chwa alilipinga wazo hilo waziwazi mwaka 1929. Machoni pa wengi, lugha hiyo na muungano wa walowezi vilikuwa vikija kwa njia moja. Hivyo Kiswahili kikabebeshwa lawama ya siasa ambayo wasemaji wake wa kawaida hawakuitunga.

Mwaka 1931 Serwano Kulubya, Mweka Hazina wa Buganda, alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya pamoja ya Bunge. Mashahidi wa Kiafrika kutoka Kenya na Tanganyika nao walisikilizwa. Kamati ikaamua kwamba wakati wa muungano haukuwa umefika.

Grigg alikuwa ameondoka Kenya mwaka 1930. Mwezi Juni 1933, mbunge wa Altrincham alipoteuliwa kuwa jaji, Grigg aligombea kwa tiketi ya Wahafidhina na kushinda. Watu wa Altrincham walimpima kwa kura. Waafrika aliotaka kuwaamulia mustakabali wao hawakuwahi kupata nafasi hiyo.

Alibaki bungeni hadi 1945, akapewa cheo cha Baron Altrincham, na kufariki Desemba 1955.

Mataifa huru ya Afrika Mashariki yaliunda Jumuiya yao mwaka 1967. Ilivunjika 1977, ikafufuliwa mwaka 2000. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Safari hii uamuzi ulipitishwa na Bunge la Uganda, lililochaguliwa na Waganda wenyewe, wakiwemo wakazi wa Kamwokya.