Krapf: Mmisionari aliyekosa Krismasi ya kwao, akatuachia simulizi yake

KILA Desemba inapoelekea ukingoni, magari kutoka Nairobi, Nakuru na Eldoret hushusha abiria wengi Khayega na Shinyalu, katika Kaunti ya Kakamega. Ni wana na mabinti wa Isukha wanaorejea nyumbani. Kuku huchinjwa, birika la chai haliondolewi mekoni, na jioni mazungumzo hugeukia mafahali: yupi atamwangusha mwenzake uwanjani.

Katika baadhi ya makanisa na nyumba utakuta pia tawi la saiprasi lililopambwa kwa pamba na karatasi za rangi. Desturi hiyo haikuzaliwa Isukha. Ilitoka katika nyumba za Wajerumani, ikapitia Uingereza na Marekani kabla ya kutufikia.

Ajabu ni kwamba wamisionari wa Friends, waliojenga kituo chao cha kwanza Kaimosi mwaka wa 1902 na ambao wafuasi wao ni wengi Shinyalu, walitoka katika mapokeo ambayo hapo kale hayakutenga siku yoyote kuwa sikukuu. Tawi likaja hata hivyo.

Lakini kabla ya tawi hilo kupandisha bara, alikuwapo Mjerumani mmoja aliyefika pwani yetu bila mti wala mapambo. Jina lake kila mwanafunzi wa Kenya hulijua: Johann Ludwig Krapf. Shinyalu hakuwahi kuiona. Safari zake za bara zilimfikisha Usambara na Ukambani, asivuke Bonde la Ufa. Hata hivyo, maisha yake yanatufunza kuhusu Krismasi zaidi ya tawi lile.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810, katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, eneo la Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa mvulana alipigwa vibaya na jirani hata akalala kitandani kwa muda mrefu, na katika kuugua huko akazama katika kusoma Biblia. Baadaye alisomea umisionari Basel, Uswisi.

Kwa watu wa kwao, Krismasi ni sikukuu ya nyumbani kuliko zote. Matayarisho huanza Jumapili nne kabla ya Desemba 25, katika kipindi cha Majilio. Desemba 6, siku ya Mtakatifu Nikolasi, watoto hukuta karanga na peremende ndani ya viatu walivyoviacha mlangoni usiku. Akina mama huoka biskuti, na huko Württemberg hupendwa hasa zile zenye harufu ya anisi, zinazopigwa chapa kwa kibao kilichochongwa.

Kilele ni jioni ya Desemba 24. Mlango wa sebule hufungwa, wazazi wakapamba mti kwa siri, kisha kengele ndogo hulia na watoto wakaruhusiwa kuingia. Katika nyumba nyingi za waumini, sura ya 2 ya Injili ya Luka husomwa kwanza, ndipo zawadi zifunguliwe.

Si yote hayo yaliyo ya kale sana. Miti iliyopambwa ilitajwa mwaka wa 1605 huko Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa, lakini ilienea katika nyumba za watu wa kawaida karne ya 19. Nalo shada la mishumaa ya Majilio lilianzishwa mwaka wa 1839 na Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini karibu na Hamburg. Watoto hao walikuwa hawachoki kumuuliza Krismasi itafika lini. Alichukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akalipanga mishumaa, na kila siku mmoja ukawashwa ili wajihesabie wenyewe.

Wichern alipokuwa akiwasha mishumaa hiyo ya kwanza, Krapf alikuwa Abisinia, katika ufalme wa Shoa. Alikuwa ametumwa Afrika mwaka wa 1837 na chama cha wamisionari wa Kianglikana wa Uingereza, CMS. Alifukuzwa Adwa mwaka wa 1838, akajaribu Shoa, na huko nako njia ikafungwa mwaka wa 1842. Ndipo alipogeuza macho kuelekea pwani ya Waswahili.

Mwaka huo wa 1842 alimwoa Rosine Dietrich. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa safarini kabla ya wakati, akafa na kuzikwa kando ya njia.

Mwaka wa 1844 wawili hao walihamia Mombasa. Kwa mara ya kwanza Krapf alikuwa na nyumba yake mwenyewe na mke mja mzito. Ilidumu miezi michache tu. Julai mwaka huo homa iliwaangusha wote wawili. Rosine alijifungua binti, akafariki siku chache baadaye, na mtoto akamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi hilo lipo hadi leo.

Krismasi ya 1844 ilimkuta Krapf akiwa mgane, bila mtu wa nyumbani mwake wa kumsomea Luka. Kwa mtu aliyelelewa katika desturi zile, ambapo sikukuu yenyewe ni jamaa waliokusanyika chumba kimoja, ni vigumu kupima upweke huo.

Hata hivyo hakuiacha kazi. Juni mwaka huo huo alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Sura 3 za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847. Alipojiunga naye Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake wa Württemberg, wakafungua kituo Rabai mnamo Agosti 1846. Mwaka wa 1848, Injili ya Luka kwa lugha ya Warabai ilichapishwa Bombay, India.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Masimulizi yale ya hori na wachungaji, ambayo baba wa Kijerumani huyasoma usiku wa Desemba 24, yalikuwa sasa yamepigwa chapa kwa lugha ya Wamijikenda. Krapf hakuwa na nyumba ya kuyasomea, akayafungulia nyumba za wengine.

Kalenda ya Majilio iliendelea kuandamana naye. Mwaka wa 1849, Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia Desemba 2. Siku iliyofuata, Desemba 3, akiwa Kitui kwa Kivoi, aliuona mlima wenye theluji ambao jina lake aliliandika Kenia. Mlima huo ndio uliotupa jina la taifa letu. Wataalamu wa Ulaya walimdhihaki, wakashikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta.

Kwa hesabu ya waumini, kazi yake ilionekana kushindwa. Waliobatizwa katika miaka yake Rabai walihesabika kwa vidole. Tena wapo wanaomlaumu yeye na wenzake kwa kuwatengenezea wakoloni njia, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka wa 1850 na kamusi yake kubwa iliyotoka mwaka wa 1882 ziliwafaa wote waliokuja nyuma yake.

Afya ilimrudisha Ujerumani mwaka wa 1853. Alioa tena, akatulia Korntal, mji wa waumini wa madhehebu yake karibu na Stuttgart. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka wa 1875, akarudi akiwa kipofu, na akafariki Korntal mwaka uliofuata.

Krapf mwenyewe alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, Novemba 26, 1881. Ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Wichern, mwenye gurudumu la mishumaa, alikuwa amefariki Aprili ya mwaka huo huo. Krapf alizikwa karibu na Rebmann, mbali na Rosine wake aliye Nyali.

Msimu huu, atakayefika Shinyalu atakaa na jamaa zake, na huenda asilione tawi la saiprasi hata kidogo. Wengine hawatafika. Watakuwa wakilinda malango ya watu Nairobi, au wakihudumia wagonjwa wadini, au nauli imewashinda. Krapf angewaelewa hao kuliko wengi wetu.

Tawi likikosekana, sikukuu haipungukiwi kitu. Kiti kisichokaliwa ndicho kinachoonekana. Simu moja kwa aliyebaki mbali, kabla ya kuku kuepuliwa, itakuwa imeifikisha Krismasi mahali ambapo mwaka wa 1844 haikuwa na wa kuifikisha.