Maisha ya Al-Haj Malik El-Shabazz, Aliyetoka katika Ulevi

Ngarambe, katika nchi ya Rufiji, ni mahali palipotajika kwa khabari ya maji. Hapo ndipo alipokaa Kinjikitile Ngwale, na watu wa makabila mengi walimwendea kuchukua dawa iliyosemwa kuwa itageuza risasi za Wadachi ziwe maji. Dawa ile iliwakusanya watu waliokuwa mbali mbali, na ushujaa wao haukanushiki; walakini risasi hazikugeuka, na Kinjikitile mwenyewe alinyongwa mwaka wa 1905. Tamaa ya kupata dawa ya mara moja haikufa pamoja na zama zile. Hatta leo kijana wa pwani aliyeshikwa na pombe, au bangi, au unga, hutafutiwa kitu cha kunywa usiku mmoja ili aamke mzima. Na asipoamka mzima, yeye na jamaa zake hukata tamaa. Kumwomba Mwenyezi Mungu shifaa si kosa. Kosa ni kudhani kuwa hapo kazi imekwisha. Basi yafaa kuyajua maisha ya mtu mashuhuri aliyetoka katika ulevi kwa njia ndefu.

Jina lake la kuzaliwa ni Malcolm Little. Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 (1343 Hijri) katika mji wa Omaha, Marekani. Mwaka wa 1931 baba yake alikufa kwa kukanyagwa na gari la tramu, na wengi katika watu weusi wa mji alikofia waliamini kuwa ameuawa na Wazungu waliomchukia. Mama yake akabaki na watoto wengi na umaskini mwingi hatta akili yake ikataabika, akatiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa humo zaidi ya miaka ishirini. Watoto wakagawanywa katika nyumba za watu.

Mwaka wa 1941 kijana huyu alikwenda Boston kwa dada yake wa baba mmoja, kisha akaingia Harlem, mtaa wa watu weusi katika New York. Huko alivuta bangi na kuiuza, akatumia kokeini, akacheza kamari, akaiba. Mwezi wa Februari 1946, kabla hajatimiza miaka 21, alihukumiwa kifungo cha miaka minane hadi kumi.

Mtu angedhani kuwa gereza limemwachisha. La, halikumwachisha. Wafungwa walikuwa wakipata kungumanga, kiungo hiki hiki kinachojulikana sana Unguja, wakaitia katika maji ya baridi wakanywa ili walewe. Na yeye alikunywa pamoja nao. Alipopata fedha akanunua bangi na vidonge kwa askari wa gereza. Mtu aweza kuondolewa penye ulevi, na ulevi usiondoke moyoni mwake.

Mabadiliko yalianza kwa mambo madogo. Mfungwa mmoja mwenye elimu alimwambia kuwa ana akili na aitumie. Kisha ndugu yake akamwandikia barua, akimwagiza asile tena nyama ya nguruwe wala asivute sigara. Akatii yote mawili, na hapo kwa mara ya kwanza akajiona kuwa ana nguvu ya kuikataza nafsi yake. Walakini kusujudu kulikuwa kuzito kuliko kuacha sigara. Ilimchukua juma zima kuyalazimisha magoti yake yapige chini, kwa haya na kiburi cha miaka mingi.

Mwaka wa 1948 alihamishwa gereza la Norfolk, lenye maktaba kubwa. Akanakili kamusi kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Na taa zilipozimwa usiku alisoma kwa mwanga wa ukumbini uliopenya mlangoni. Saa alizokuwa akizipoteza kwa ulevi akazijaza elimu. Hili ni jambo la kuzingatiwa, kwani aachaye kitu bila ya kuweka kingine mahali pake hurudia kile kile.

Alitoka gerezani mwezi wa Agosti 1952, akawa mhubiri wa chama cha Elijah Muhammad, akijulikana kwa jina la Malcolm X. Mafundisho ya chama kile yalikuwa na mengi yaliyo mbali na Uislamu, naye mwenyewe alikuja kuyaacha. Walakini kazi yao kwa watumiaji wa unga katika Harlem ilikuwa na faida. Waliotumwa kwao ni watu waliokuwa watumiaji zamani. Kwanza mgonjwa hukiri kuwa ameshikwa. Kisha hufahamishwa kwa nini anatumia. Kisha huonyeshwa kuwa iko njia ya kutoka. Kisha heshima yake hujengwa hatta ajione ni mtu. Baada ya hayo ndipo huacha kwa khiari yake, na katika siku zile za maumivu, ambazo watumiaji wa leo huziita arosto, wenzake hukaa naye, wakamnywesha mchuzi mpaka asimame. Mwisho, naye huenda kumtafuta mwenziwe.

Leo kuna na msaada wa tabibu. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, dawa ya methadoni imekuwa ikitolewa tangu mwaka wa 2011 kwa watumiaji wa unga. Asiikatae mtu, wala mlevi wa muda mrefu asiache pombe ghafula peke yake bila ya tabibu, kwani yaweza kumwua. Lakini dawa nayo yataka subira na wenzi wema.

Mwezi wa Machi 1964 alitoka katika chama kile, na mwezi wa Aprili (1383 Hijri) akahiji Makka. Huko alikula sahani moja na Waislamu wa kila rangi, na chuki aliyoichukua kwa muda mrefu ikalegea. Akaitwa Al-Haj Malik El-Shabazz. Mwezi wa Oktoba 1964 alifika Dar es Salaam, akaonana na Rais Julius Nyerere, kisha akaenda Kenya. Tarehe 21 Februari 1965 alipigwa risasi mkutanoni New York, akafa, umri wake miaka 39.

Toka barua ya ndugu yake hatta hija yake ilipita zaidi ya miaka kumi na mitano, na katika muda wote huo alikuwa akijengeka. Basi mwenye kijana aliyeacha ulevi juzi asimwulize kwa nini hajapona. Amketishe karibu, ampe kazi ya mikono na ya akili, asimkumbushe aibu yake mbele ya watu. Na akianguka, amwinue. Mwenyezi Mungu amrehemu aliyetangulia, na awasahilishie njia walio safarini.