Muljibhai Madhvani: Aliyeacha Faida ya Msimu Akapanda Miwa

Katika kuadhimisha mwaka mwingine wa hekalu letu, tumeona inafaa kuwakumbuka wazee waliotutangulia katika nchi hizi za Afrika Mashariki. Safari hii tumemchagua Marehemu Muljibhai Madhvani wa Uganda. Hatukumchagua kwa wingi wa mali yake. Tunakusudia kutazama namna alivyohesabu muda, kwa kuwa jambo hilo linatuhusu sote hapa Kiomboi, wenye maduka na wenye mashamba, waumini wa hekalu hili na majirani zetu.

Muljibhai alizaliwa Gujarat mwaka 1894, katika jamii ya Walohana, ambao biashara ni kazi yao ya jadi. Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 14, alivuka bahari akaja Uganda kuwafuata jamaa zake waliokwisha kutangulia. Alianza kazi katika duka la ukoo huko Iganga, katika nchi ya Busoga, akipima chumvi, akikunja vitambaa na kujifunza lugha ya wateja wake. Baadaye alikabidhiwa kusimamia tawi la Jinja, mahali ambapo mto Nile unatoka katika ziwa Victoria.

Zama hizo mali ya haraka nchini Uganda ilikuwa pamba. Wakulima waliivuna, wafanyabiashara waliinunua, vinu viliichambua, na marobota yakapelekwa pwani kwa reli. Mtu mwenye mtaji aliweza kuuzungusha katika msimu mmoja na kuona faida yake kabla ya mwaka kwisha. Muljibhai na wenzake nao waliifanya biashara hiyo, na hatuwezi kuilaumu, maana ndiyo iliyowapa mtaji. Lakini bei ya pamba ilipangwa katika masoko ya mbali, na ilipoanguka, mnunuzi na mkulima waliumia pamoja.

Mwaka 1918 kampuni yao ilinunua ekari 800 huko Kakira, kati ya Jinja na Iganga. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilifunguliwa mwaka 1930. Tunamwomba msomaji atulie kidogo juu ya tarakimu hizo mbili: kati yake kuna miaka 12. Muwa wenyewe, ukishapandwa katika nchi ile, hukaa mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa. Kisha miwa ya ekari chache haitoshi kulisha kiwanda. Lazima kwanza pori lisafishwe, barabara zichongwe, mashine ziagizwe ng'ambo, na watu wapate mahali pa kulala. Gharama zote hizo hutangulia, na gunia la kwanza la sukari huja mwisho kabisa.

Wala hakuwa wa kwanza. Nanji Kalidas Mehta, mwana mwingine wa Gujarat, alikuwa amekwisha kuanzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Tena mwaka 1930 ulikuwa mwaka wa mdororo, ambapo bei za mazao zilishuka duniani kote. Mtu anayehesabu kwa msimu angefunga mlango na kurudi dukani. Muljibhai aliendelea, na Kakira ikakua ikawa mji kamili, wenye nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Sekondari ya Wairaka, iliyo karibu na hapo, inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Hata hivyo, tungekuwa tunaandika sifa tupu kama tungeishia hapo. Utajiri ule ulitegemea jasho la maelfu ya vibarua wa mashambani, ambao wengi wao walitoka mbali na Busoga. Ulikua pia chini ya utawala wa kikoloni uliompa kila mtu nafasi kulingana na rangi yake. Mwaka 1949 kulitokea ghasia katika Buganda, na mojawapo ya malalamiko lilikuwa kwamba wakulima Waafrika hawakuruhusiwa kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Mwenye kufikiri miaka 20 mbele anapaswa kujiuliza kiwanda kitadumu vipi, na pia jirani yake atakuwa na fungu gani ndani yake.

Muljibhai alifariki mwaka 1958, akaacha wanawe kuongoza kazi. Mwaka 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90, na ukoo ukapoteza Kakira yote. Ulipotokea mlango wa kurudi, mwaka 1985, mashamba yalikuwa yamekuwa pori na kiwanda kimesimama. Walirudi wakaanza upya, kwanza kwa ubia na serikali. Siku hizi sehemu kubwa ya miwa inayosagwa Kakira hutoka katika mashamba ya maelfu ya wakulima wa Busoga, wanaoiuzia kiwanda mazao yao. Kwa maoni yetu, fungu hilo la jirani ndilo ukuta imara kuliko wowote ambao kiwanda kinaweza kujengewa.

Usiku wa Diwali, wafanyabiashara wa Kihindu huleta daftari mpya za hesabu zibarikiwe. Katika ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili: Shubh, yaani heri, na Labh, yaani faida. Heri huandikwa kwanza. Waswahili nao wanasema mali bila daftari huisha bila habari, na sisi tunaongeza kwamba daftari linalohesabu msimu mmoja tu limeandikwa nusu.

Hapa Iramba tunaujua mtihani huo. Wakati wa mavuno ya alizeti, mkulima mwenye shida ya ada ya shule huuza gunia kwa bei yoyote anayopewa. Mnunuzi anayembana siku hiyo hupata faida yake, lakini mwaka unaofuata mkulima yule hana mbegu, au ana mbegu na amehamia kwa mnunuzi mwingine. Anayempa bei ya haki na mzani wa kweli hupata kidogo zaidi polepole, na baada ya miaka 10 ana wakulima wanaomjua kwa jina, na watoto wao wanalijua duka lake.

Hatuhitaji ekari 800 ili tumfuate Muljibhai katika lile alilolifanya vyema. Tunahitaji kulifungua daftari, na kabla ya kuandika faida, tujiulize ni nani mwingine atakayekuwa na heri kwa sababu ya biashara hii. Tunawatakia waumini na majirani zetu wote maadhimisho mema.