Justus von Liebig: Mwana wa muuza rangi aliyebuni jina ‘aldehidi’

KILA mwanafunzi wa kemia hukutana na neno aldehidi, lakini ni wachache wanaomfahamu aliyelibuni. Ni Justus von Liebig, Mjerumani aliyeacha shule bila kuhitimu na baadaye akawa mwalimu wa wanakemia wa Ulaya nzima.

Liebig alizaliwa Mei 12, 1803 mjini Darmstadt. Babake aliuza rangi na dawa, na ni katika karakana ya mzee huyo alikoanza kufanya majaribio. Baada ya kuacha shule, alipelekwa kwa muuza dawa mmoja kujifunza kazi, lakini hakudumu huko.

Hata hivyo, alijiunga na chuo kikuu na mnamo 1822 akaelekea Paris, Ufaransa, alikosomea chini ya Gay-Lussac. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 21 pekee, aliteuliwa kufundisha Giessen. Huko alianzisha maabara ambamo wanafunzi walijifunza kwa kutenda.

Liebig alikuwa mwepesi wa hasira. Alipogundua kwamba Friedrich Wöhler alikuwa amechunguza kemikali yenye viambato sawa na yake ilhali tabia zao zilitofautiana, alidai mwenzake amekosea. Vipimo vilionyesha kuwa wote wawili walikuwa sahihi. Mzozo huo ulizaa urafiki wa kudumu na funzo kubwa: kuhesabu atomi hakutoshi; ni lazima pia kujua zimepangwaje.

Wakati huo, kemikali nyingi ziliitwa kwa kufuata zilikotoka. Mnamo 1832, wawili hao walichunguza mafuta ya lozi chungu, ambayo leo yanajulikana kuwa ni aldehidi, lakini jina hilo halikuwepo.

Mnamo 1835, Liebig alipima kiowevu kinachopatikana kutokana na alkoholi, ambacho Johann Döbereiner alikuwa amekiona awali. Alibaini kwamba kilikuwa ni alkoholi iliyopungukiwa na hidrojeni. Akafupisha maneno ya Kilatini yenye maana hiyo, likazaliwa jina aldehidi. Jina hilo lilieleza jinsi kitu kilivyoundwa. Aligundua pia kuwa kiowevu hicho huacha utando wa fedha kwenye kioo, jaribio linalotumika hadi leo kutambua aldehidi.

Neno ketoni lilifuata mnamo 1848, likibuniwa na Leopold Gmelin kutokana na jina la asetoni.

Liebig hakukosa kuteleza. Mbolea aliyoibuni haikufaulu shambani kwa kuwa haikuyeyuka ipasavyo majini. Alihamia Munich mnamo 1852, akafariki huko Aprili 18, 1873.

Mnamo 1892, wanakemia walikutana Geneva, Uswisi, wakaafikiana kwamba majina ya aldehidi yatamalizikia kwa ‘ali’ na ya ketoni kwa ‘oni’. Propanali na propanoni zina atomi zile zile: tatu za kaboni, sita za hidrojeni na moja ya oksijeni. Katika propanali, oksijeni imeshikana na kaboni ya mwisho. Katika propanoni, imeshikana na ya katikati.

Kiishio hicho pekee ndicho huzitenganisha. Tofauti iliyowagombanisha Liebig na Wöhler ujanani, sasa huelezwa na silabi chache.