Robert Williams, mtu aliyengojea shaba ya Katanga

Robert Williams alizaliwa Aberdeen, kule Scotland, mwaka wa 1860. Alikuwa enjenia. Mwaka wa 1881 alifika Kimberley, Afrika ya Kusini, kwenye machimbo ya almasi, na kule njo alijuana na Cecil Rhodes.

Mwaka wa 1899 alianzisha sosyete Tanganyika Concessions, na hisa zake, ao aksiyo kama tunavyosema, zikauzwa London. Aksiyo ni kipande cha sosyete: ikipata faida unagawiwa, ikianguka unaanguka nayo. Kwenye bursa kuna watu wa aina mbili. Wamoja wananunua leo kwa kusikia shaba imeonekana, kesho wanauza kwa kusikia feza ya treni imekosekana. Wengine wanaweka karatasi sandukuni na kungoja.

Williams alikuwa wa kungoja. Mwaka ule ule alimtuma George Grey kutazama udongo, naye akakuta mashimo ambayo wazee wa Katanga walichimba shaba tangu zamani. Mwaka wa 1906, pamoja na Société Générale ya Ubelgiji, Union Minière du Haut-Katanga ikazaliwa. Tanuru la Lubumbashi liliyeyusha shaba ya kwanza mwaka wa 1911, ni kusema miaka 12 ya kungoja. Njia ya treni ya Benguela, aliyoruhusiwa na Wareno mwaka wa 1902, iliungana na ya Katanga mwaka wa 1931. Yeye akafa mwaka wa 1938.

Tusimsifu ovyo. Sosyete yake ilikusanya wanaume Rodezia ya Kaskazini wakachimbe Katanga, na hao walilipwa mshahara, si aksiyo. Tena kungoja kuna mwisho: tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ilichukua machimbo ya Union Minière, na hata aliyelinda karatasi yake miaka 60 hakuulizwa.

Basi mtu anawezaje kungoja? Akijua kile alichokishika, na ugali wake wa jioni usipotoka kwenye karatasi ile. Mwenye kuuza na kununua kila siku anapaswa kupatia mara mbili, siku ya kuingia na siku ya kutoka, na kila mara komisionere anakata chake.

Hapa kwetu Oicha, mchimbaji mwenye gramu chache za zahabu anajiuliza vile vile: niuze leo ao nilinde? Zahabu si aksiyo, haizai faida ikiwa mfukoni, inangojea bei tu. Lakini hesabu ni moja. Feza ya minerval, ya dawa, na ile ambayo mama na watoto watakimbia nayo usiku, hiyo isifungiwe kitu cha kungoja. Inayobaki njo ya kungoja, na ingojee katika kitu tunachokijua sisi wenyewe, si katika habari ya njiani.