Jim Beam: Buda Aliyeanza Upya Akiwa na Miaka 69, na Kwa Nini Mzinga Wake Bado Uko Kwa Mchango Wenu

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, Kakamega. Mbogi ya Amalemba imechanga na sasa mmesimama mbele ya duka la pombe mkikodolea machupa. Jack Daniel's imewapita kidogo. Maker's Mark na Woodford Reserve hata msiziangalie, mtajiumiza roho bure. Halafu kuna ile ya lebo nyeupe yenye jina la mtu: Jim Beam. Kati ya bourbon zinazopatikana huku, kawaida ndiyo inaingiana na mfuko wa hasla. Lakini ni nani huyo? Na jina lake linatosha kukufanya utoe doo?

Kumbe jamaa aliishi kweli.

James Beauregard Beam alizaliwa 25 Agosti 1864, Bardstown, jimbo la Kentucky, Marekani ikiwa bado ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Familia yao ilikuwa na asili ya Ujerumani. Babu ya babake, Jacob Beam, ndiye alianza kuuza wiski karibu 1795, kwa hivyo Jim alizaliwa akikuta mitambo inatoa moshi. Alipofika miaka 16 akaingia kazi ya familia, na miaka ya 1890 kiwanda kikawa mikononi mwake. Wiski yao siku hizo iliitwa Old Tub.

Hapa mtu wa Kakamega atege sikio. Bourbon ni mahindi. Sheria ya Marekani inataka nafaka yake iwe angalau asilimia 51 mahindi. Kama umewahi kuona kukhu akikaanga unga uliochacha juu ya bati, kisha anauchanganya na kimea cha wimbi ndio busaa ishike, basi mwanzo wa hii kitu unaujua. Na wenye wanapika chang'aa wanajua hatua inayofuata. Tofauti inaanza baada ya mtambo: bourbon inalazwa kwa pipa jipya la mti wa mwaloni lililochomwa ndani. Ile rangi ya kahawia na ule utamu wa karameli vinatoka kwa hiyo mbao. Kuongeza rangi au ladha hairuhusiwi, ni maji tu, na ikiingia kwa chupa lazima iwe angalau asilimia 40.

Sasa, feki hazikuanzia Kenya. Beam akiwa kijana, wafanyabiashara Marekani walikuwa wanachukua spiriti mbichi, wanaitia rangi, wengine hadi maji ya tumbaku, halafu wanaiuza kama wiski iliyozeeka. Mnamo 1897, Beam akiwa na miaka 32, serikali ikapitisha sheria ya wiski ya kuhifadhiwa chini ya ulinzi wake: itoke kiwanda kimoja, msimu mmoja, ikae miaka minne, iwe asilimia 50, na chupa ipitishwe stampu ya kijani juu ya kizibo.

Inakukumbusha kitu? Ile stampu ya KRA iko pale kwa kazi hiyo hiyo. Pakua apu ya Soma Label, skani stampu kabla hujalipa, ukiwa bado dukani. Angalia kifuniko kama kimewahi kufunguliwa. Na mzinga wa Jim Beam ukiuzwa bei ya robo mbili, usishangilie ofa, ondoka. Watu wanaokota chupa tupu na kuzijaza upya, na methanoli haina harufu ya kukuonya. Wakenya wengi wamepoteza macho na maisha kwa pombe ya hivyo.

Turudi kwa buda. Januari 1920 Marekani ikapiga pombe marufuku nchi nzima. Beam alikuwa na miaka 55, na kila kitu alichojua maishani sasa kilikuwa kosa. Akajaribu kulima machungwa Florida, akajaribu makaa ya mawe, akafungua machimbo ya mawe pale Clermont, Kentucky. Hakuomoka popote. Na Wamarekani hawakuacha keroro, walihamia tu ya vichochoroni. Serikali ilikuwa imeagiza spiriti ya viwandani itiwe sumu, methanoli ikiwemo, wakora wakaiuza hivyo hivyo na watu wakafa. Sisi tulipitia njia hiyo hiyo: chang'aa ilipigwa marufuku kabisa 1980, ikaendelea kupikwa kando ya mito miaka 30, hadi sheria ya Mututho ya 2010 ikaihalalisha kwa masharti.

Marufuku ya Marekani iliisha 5 Desemba 1933. Beam alikuwa na miaka 69. Wenzake wa umri huo walikuwa wanaota jua. Yeye hakuwa na kiwanda wala pesa ya kutosha, na jina la Old Tub halikuwa lake tena. Alichobaki nacho ni ujuzi. Wawekezaji kutoka Chicago wakatoa mkwanja, na familia inasimulia kwamba kiwanda kipya cha Clermont kilisimama kwa siku 120. Kwa vile jina la zamani lilikuwa limeenda, wiski ikaja kuitwa kwa jina lake mwenyewe. Hiyo lebo unayoona ilitokana na hasara, manze.

Halafu kuna stori ya hamira. Inasemekana aliilea mwenyewe kwa baraza la nyumba yake Bardstown, na kila wikendi aliibeba nyumbani kwa chupa ndani ya gari, ndio kiwanda kikiungua hamira isiungue nayo. Mimi hapo ndipo nilimpenda huyu mzee. Mtu ambaye ashawahi kunyang'anywa kila kitu habebi bahati nasibu mara ya pili.

Tukirudi pale dukani: ile nyeupe hulazwa miaka minne na iko asilimia 40. Si wiski ya kumeza ukifunga macho ukiwaza maisha. Ni ya barafu, soda na stori ndefu, na hapo inafanya kazi fiti. Nyeusi imekaa zaidi kwa pipa, ni laini, ina mbao zaidi. Mchango ukipanda kidogo, chukua hiyo kabla ya kukimbilia majina makubwa. Na kama hujafikisha 18, rudi kwa soda bila wiski.

Jim Beam alifariki siku ya Krismasi 1947, akiwa na miaka 83. Mwaka huo sheria ya mkoloni bado ilimzuia Mwafrika wa Kakamega kununua spiriti ya aina hiyo, hata yule aliyekuwa akichimba dhahabu ya mzungu pale Rosterman. Mwanawe Jeremiah aliendelea na kazi. Mwaka 2014 Suntory ya Japani ikanunua kampuni yote kwa dola bilioni 16, na familia inasema hamira ni ile ile ya kwa baraza.