Bibi Moza, shangazi aliyeunusuru ukoo wa masultani wa Zanzibar

MJI wa Mumias, katika Kaunti ya Kakamega, uko mbali sana na bahari. Hata hivyo, anayetembea humo husikia adhana ikitoka misikitini na hukutana na familia za Kiluhya zilizosilimu vizazi vingi vilivyopita. Huo ni urithi wa misafara ya Waswahili na Waarabu wa Pwani, waliofika katika himaya ya Wanga kutafuta pembe za ndovu. Mwaka 1883, Mskoti Joseph Thomson alipopita kwa Nabongo Mumia, wafanyabiashara hao walikuwa wamekwisha kuizoea njia hiyo.

Misafara hiyo ilitembea chini ya bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Bendera hiyo ilipepea Mombasa, katika Ngome ya Yesu, hadi Desemba 1963. Lakini wachache wanajua kwamba ukoo wa Busaidi ulioimiliki ulinusurika kwa juhudi za mwanamke mmoja wa Maskati, aliyekuwa na moyo wa simba na ulimi usiochelea waziri wala shujaa.

Mwanamke huyo ni Bibi Moza binti Ahmad. Alikuwa binti wa Imamu Ahmad bin Said, mwanzilishi wa utawala wa Busaidi. Baba yake alikuwa liwali wa mji wa Sohar, akajipatia sifa kwa kuwahimili Waajemi walioivamia Omani na hatimaye kuwatimua. Watu wakamchagua kuwa Imamu katika miaka ya 1740, na akatawala mpaka alipofariki mwaka 1783.

Imamu Ahmad aliacha watoto wa kiume kadhaa, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Katika ukoo huo hapakuwa na kanuni kwamba mtoto wa kwanza ndiye mrithi. Aliyekuwa na ngome, fedha na makabila nyuma yake ndiye aliyetawala. Ndugu wakawindana, na watoto wa ndugu wakalelewa wakijua kwamba ami anaweza kuwa adui kuliko mtu baki.

Kaka mmoja wa Moza, Saif, alitoka Omani akaja kutafuta bahati Afrika Mashariki, na mauti yakamkuta huku. Kaka mwingine, Sultan, aliishika Maskati mwaka 1792 na kuutawala mji huo wa biashara kwa miaka 12. Mwingine, Qais, alikaa Sohar akiutazama ufanisi wa Maskati kwa jicho la tamaa.

Novemba 1804, Sultan bin Ahmad aliuawa baharini katika Ghuba ya Uajemi alipokuwa akirejea kutoka Basra. Aliwaacha wanawe Salim na Said. Salim alikuwa na umri wa miaka 15 hivi, na Said miaka 13. Baba yao alikuwa amemwachia Muhammad bin Nasir wa kabila la Jabri usimamizi wa mambo yao, lakini wosia wa marehemu una nguvu gani mbele ya ami mwenye jeshi?

Haukupita muda Qais akajitokeza na watu wake, akazitwaa bandari moja baada ya nyingine, akielekea Maskati. Wengi waliamini kuwa siku za wana wa Sultan zimehesabika.

Ni katika saa hiyo ndipo Bibi Moza, shangazi yao, aliposimama. Desturi ya zama zile haikumruhusu mwanamke wa kiungwana kuonekana na wanaume wasio maharimu wake, sembuse kukaa nao barazani kupanga vita. Moza aliona kwamba adabu hiyo ingewagharimu watoto hao maisha yao. Akaingia katika mashauri.

Habari zake nyingi zimehifadhiwa na mjukuu wa kaka yake, Sayyida Salme, binti wa Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani, akajulikana kwa jina la Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, Salme anamsimulia bibi huyo kama alivyosimuliwa na wazee wake.

Kwa masimulizi hayo, mawaziri walipokuwa wakijadiliana nani ashike madaraka hadi mrithi atakapokua, Moza aliwakata kauli. Aliwajulisha kwamba atakayetawala ni yeye mwenyewe, na kwamba kila mmoja wao atamletea taarifa za kazi yake. Waliokuwa wakitarajia kumwongoza mjane mwenye majonzi au mtoto asiyejua mambo wakajikuta wakihojiwa na mwanamke aliyeijua hesabu ya hazina na idadi ya askari. Wavivu na wadanganyifu hawakuusahau ulimi wake.

Maskati ilipozingirwa, Moza alikataa kuketi ndani akingoja kuletewa habari. Usiku ulipoingia alivaa nguo za kiume, akapanda farasi, akazungukia vituo vya ulinzi kuona nani yu macho na nani amelala.

Safari mojawapo ilikaribia kumtoa roho. Alikuwa na shaka juu ya uaminifu wa askari wake, akamwendea mmoja wa wakuu wao akijifanya mtumwa wa maadui, akamwahidi mali iwapo angeufungua mlango. Mtu yule alighadhibika, nusura amuue palepale. Moza aliponea chupuchupu. Kulipokucha, askari huyo alipata habari kwamba aliyetaka kumuua ni bibi yake mwenyewe, na tangu hapo akawa miongoni mwa watu aliowaamini kabisa.

Kisha risasi zikaisha. Inasimuliwa kwamba zilikusanywa misumari, kokoto na kila kipande cha chuma kilichopatikana mjini, vikatiwa katika mizinga. Hivyo navyo vilipokwisha, Moza aliamuru fedha za hazina ziyeyushwe zifanywe risasi. Wapo waliolia kuona reale zikirushwa kwa adui. Kwake yeye, hazina isiyo na mwenyewe haikuwa na faida.

Hayo ndiyo masimulizi ya nyumbani. Mwanahistoria wa Omani, Ibn Ruzaiq, anaieleza zaidi siasa ya wakati huo, na humo ndimo lilimo jaribio kubwa zaidi la maisha ya Moza.

Ili kumzuia Qais, upande wa watoto ulihitaji mtu mzima mwenye jina na wapiganaji. Mtu huyo alikuwapo. Ni Badr, mwana wa Saif, yule kaka aliyefia Afrika Mashariki. Badr alikuwa amejaribu kumpindua Sultan, akashindwa, akakimbilia kwa Mawahabi wa Diriyah. Shauri lilipitishwa aitwe, Bibi Moza akiwa miongoni mwa walioliunga mkono. Naye pia alikuwa mtoto wa kaka yake.

Badr alikuja, na kwa hakika Qais akazuiwa. Lakini mgeni aliyekaribishwa kuuzima moto akajifanya mwenye nyumba. Alijitwalia madaraka ya Maskati, akaziacha nguvu za Mawahabi zipate nafasi nchini, na ushuru ukawa unapelekwa kwao. Salim alipelekwa kuwa liwali wa Masnaa na Said akapelekwa Barka. Kwa macho ya nje vijana walikuwa wamepewa vyeo. Kwa macho ya shangazi yao, walikuwa wametolewa mjini.

Moza alielewa hesabu iliyokuwa mbele yake. Badr alikuwa ametawala kwa jina la watoto, na watoto walikuwa wanakua. Siku watakapodai haki yao, ama yeye ataondoka, ama wao wataondolewa, na katika ukoo ule kuondolewa kulikuwa na maana moja. Kosa la kumwita lilikuwa limekwisha kutendeka, naye alikuwa na sehemu yake katika kosa hilo.

Alimwendea Said badala ya Salim. Salim alikuwa mkubwa, lakini mpole wa tabia. Said alikuwa mdogo, na ndani yake shangazi aliona uthabiti. Hakumpamba kwa maneno matamu. Alimweleza waziwazi kwamba Badr ataishi au yeye Said ataishi, lakini si wote wawili, na kwamba kila siku anayochelewa ni siku anayompa mwenzake.

Mwaka 1806, Badr alifika Barka, na wakakutana katika nyumba ya Naaman. Said alikuwa na umri wa miaka 15 tu. Katika mazungumzo silaha ikachomolewa, Said akamjeruhi binamu yake. Badr aliruka dirishani, akapanda farasi akakimbia na damu ikimtoka. Wapanda farasi wakamfuata, wakammaliza njiani.

Tendo hilo limewagawa wasomaji wa historia hadi leo. Badr alikuwa damu ya Moza sawa na Said. Aliitwa kwa heshima, akafanya kazi aliyoitiwa, kisha akauawa na wenyeji wake. Kwa upande mwingine, ni vigumu kuona jinsi wale vijana wawili wangesalimika iwapo angeachwa. Moza hakuwa na mahakama ya kumshitaki wala jeshi la kumfukuza. Alikuwa na watoto watatu wa kaka zake, na nafasi ya kuwaokoa wawili.

Kilicho wazi ni kwamba hakumtuma kijana kisha akajificha. Said aliposhika madaraka, shangazi alibaki karibu naye akiwa mshauri wake wa kwanza, na watu wazima waliotaka jambo kwa Said walijua kwamba neno lao litapimwa kwanza kwa Bibi Moza. Qais aliendelea kuwa tishio kwa muda, mpaka alipouawa vitani Khor Fakkan mwaka 1808.

Said alikua akawa mtawala mashuhuri kuliko wote katika ukoo huo. Macho yake yalielekea Afrika Mashariki. Mwaka 1828 alifika Zanzibar, na katika miaka iliyofuata akaifanya kuwa makao yake, akahimiza kilimo cha mikarafuu na kuipanua biashara ya pembe na, kwa masikitiko ya bara zima, ya watumwa. Mwaka 1837 aliwashinda Mazrui wa Mombasa, ambao walikuwa wamempinga kwa miaka mingi.

Lakini mtawala anayekaa Unguja huacha mgongo wake wazi Maskati. Mwaka 1832, Said akiwa huku, jamaa yake Saud bin Ali wa Barka alimkamata Muhammad bin Salim, mwana wa marehemu Salim, aliyeachiwa kuiangalia nchi. Ilionekana kana kwamba mambo ya mwaka 1804 yamerudi: mwenye nchi hayupo, jamaa wameshika silaha, na mji unayumba.

Bibi Moza alikuwa hai, ingawa sasa mtu mzima aliyekula chumvi nyingi. Karibu miaka 30 ilikuwa imepita tangu alipoyeyusha reale. Hakungoja kuombwa. Alisimamia ulinzi wa Maskati na akapeleka ujumbe kwa Waingereza katika Ghuba kuomba msaada wao, akijua kwamba walikuwa na mkataba na Said na hawakupenda machafuko katika njia yao ya kwenda Bara Hindi. Said alirudi mwaka huohuo akaukuta mji ungali wake.

Mara mbili, basi, ukoo huo uliponea mikononi mwa shangazi mmoja. Mara ya kwanza alikuwa akiwalinda mayatima. Mara ya pili alimlinda mtu mzima mwenye majeshi na merikebu, ambaye adui walimwona yuko mbali mno asiweze kurudi kwa wakati.

Said alifariki mwaka 1856 akiwa baharini, safarini kutoka Maskati kurudi Zanzibar. Wanawe wakagombana kama walivyogombana ami zake, hadi mwaka 1861 Waingereza walipoigawa milki, Majid akabaki na Zanzibar na Thuwaini akabaki na Omani. Safari hii hapakuwa na Bibi Moza wa kukaa katikati yao, na mamlaka ya kuamua yakawa yamehamia kwa wageni. Usultani wa Zanzibar ulipinduliwa Januari 12, 1964. Ule wa Omani ungali mikononi mwa kizazi cha Said.

Huku bara, Nabongo Mumia naye aliyaonja ya kutawala katikati ya jamaa wenye tamaa na wageni wenye bunduki. Alifariki mwaka 1949 akiwa Mwislamu, dini aliyoletewa na watu wa misafara ile. Waliomfikishia dini hiyo walikuwa raia wa masultani, na masultani hao walikuwa uzao wa kijana aliyeambiwa na shangazi yake, siku moja huko Omani, jambo ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kumwambia.

Wana wa Sultan wamepewa kurasa nyingi katika vitabu vya shule. Aliyewawezesha kufika utu uzima anapewa mistari michache, na mara nyingi hata jina lake halitajwi.